Majani Yaliyoajiriwa Jericho

Umma unatangaziwa kwamba majani yote yaliyo katika kiwanja cha nyuma ya mtaa wa Jericho yameajiriwa. Ajira hiyo ni ya kudumu, isipokuwa kwa yale yatakayokauka. Mwenye pingamizi alipaswa kuliwasilisha kabla tangazo hili halijatolewa.

Mimi ni Andati, Katibu wa Kamati Ndogo ya Usimamizi wa Majani Kazini. Naandika haya ili historia isije ikapotoshwa na watu waliokuwapo.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi huitukana bila kuijua. Maji yote yanayotoka vyooni, jikoni na bafuni mwa mtaa wetu hupita katika bomba moja hadi kwenye tangi la simiti lililofukiwa ardhini. Humo vizito huzama chini. Kisha maji hupita kwenye valvu na kuingia polepole katika vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Mizizi ya matete, pamoja na vijidudu vinavyoishi humo, hula uchafu kwa hamu ambayo sijaiona katika idara yoyote. Upande wa pili maji hutoka safi na kwenda zake kijitoni bila kumwaibisha mtu. Wataalamu huiita ardhioevu ya kupandwa. Sisi tunaita Matete.

Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna kelele. Hilo ndilo lililozua wasiwasi.

"Nani anasimamia hapa?" aliuliza Bwana Obura, Mkurugenzi wa Maji Yasiyopendeza, siku ya kwanza alipofika na kalamu tatu mfukoni.

"Hakuna, bwana mkubwa," nikamjibu. "Yanamea tu."

"Yanamea kwa idhini ya nani?"

Lilikuwa swali zito. Kwa miaka miwili matete yalikuwa yamesafisha uchafu wa mtaa mzima bila mkubwa, bila mkutano na bila chai ya saa nne. Mambo kama hayo yakiachwa huenea. Ndipo Kamati ikaundwa, ili matete yasijione yametelekezwa, nami nikateuliwa Katibu kwa sababu ninakaa karibu na mwandiko wangu unasomeka.

Katika kikao cha kwanza tuliita majina.

"Matete ya Kitanda cha Kwanza!" aliita Bwana Obura.

Kimya.

"Kimya kimepokelewa kuwa ndiyo," akasema, kama ilivyo desturi katika mikutano yetu yote na wananchi.

Nidhamu ilifuata. Ilionekana kwamba nyakati za alasiri matete huinama yote pamoja kuelekea mtaa jirani wa Makadara, saa za kazi, bila ruhusa. Yalionywa kwa mdomo. Ndege aina ya mnana walikutwa wamejenga nyumba ndani ya ofisi ya umma bila ramani. Walibandikiwa ilani ya kuhama. Hawakuisoma, hivyo wakaongezewa muda.

Sasa niseme juu ya watu, maana majani hayakujipanda. Serikali ilichimba vitanda, lakini yalipandwa na wakaaji wenyewe. Safu ya kwanza, iliyo chini ya ukuta wa nyumba ya mwisho, ilipandwa na Luseno, mstaafu wa reli, jirani yangu wa ukuta mmoja. Alipanda akiwa ameinama kutwa, akiimba wimbo wa kanisani ambao hakuujua kupita ubeti wa kwanza. Kitanda hicho kiliusikia ubeti huo mpaka kikamea.

Luseno alifariki wakati wa masika na akazikwa kwao Webuye. Enzi zake, chai ikiiva kwake, aligonga ukuta mara mbili nami nikaenda. Ukuta huo kwa sasa uko katika hali nzuri. Haugongwi na mtu.

Amemwacha mjane, Nangila, ambaye mtaa wote unamwita Mama Triza kwa jina la binti yao. Nyumba yao ndiyo iliyo chini kuliko zote. Kabla ya Matete, kila mvua iliponyesha, shimo la majitaka lililo mlangoni pake liliinua mfuniko wake, na siri za mtaa zikaingia ndani kumsalimu. Amesugua sakafu ile mpaka wekundu wake umehama. Ndiyo maana mwaka uleule vitanda vilipochimbwa, Luseno alikuja na wazee wenzake wa reli wamebeba kipande cha reli kilichokuwa kimestaafu kama wao, wakakilaza juu ya mfuniko wa shimo lile.

"Lakini mzee," nilimwambia, "si serikali imeshatengeneza?"

"Ndiyo maana," akasema, na akaenda kunawa mikono.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Kurugenzi ilipogundua kwamba Matete hayajazinduliwa. Jambo lisilozinduliwa kisheria halijaanza. Kwa hiyo maji yaliyotoka safi kwa miaka miwili yalikuwa safi kinyume cha utaratibu. Ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa Nzomo, Mratibu Mkuu wa Mambo ya Chini ya Ardhi, aje kuyazindua siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo Nangila alikuwa na ibada ya kumbukumbu ya mumewe. Ndugu walikuwa wanatoka Webuye, na mbele yao dada mkubwa wa Luseno.

"Wifi yangu huyo," Nangila aliniambia, "hutazama sakafu kwanza, ndipo asalimu watu."

Bwana Obura alikwenda kuzungumza naye. Niliandamana naye kama Katibu.

"Mama Triza, pole sana kwa msiba. Kurugenzi inakuomba uisogeze ibada mbele kidogo. Marehemu hana haraka."

"Hana," alisema Nangila. "Wewe haraka yako ni ya nini?"

"Ya kuzindua Matete."

"Si yanafanya kazi?"

"Yanafanya, mama, lakini hayajaambiwa."

"Bwana Obura, ng'ombe wangu wako njiani na wifi yangu ameshakata tikiti ya basi. Zindua zako, na mimi niombe zangu. Ila ninyi mkiharibu kitu kule, uchafu utarudi hapa mlangoni. Nataka sakafu hii iwe kavu Jumamosi. Sitaki kitu kingine kwa serikali."

"Ombi lako limepokelewa," alisema Bwana Obura, na kwa kuwa nilikuwa karibu nililiona likiingia sikio hili na kutokea la pili.

Maandalizi yakaanza. Desturi ya jiji letu inajulikana: mgeni mkubwa hapokewi na nyasi ndefu. Kila aendako hufyekwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, na mbwa wa eneo hilo huhamishiwa kwingine. Kamati ilikaa kujadili kama matete ni nyasi au ni wafanyakazi. Tulikubaliana kwamba ni wafanyakazi, na kwamba mfanyakazi mwenye adabu hunyoa kabla ya kumpokea mkubwa wake.

Wafyekaji waliletwa kutoka Huruma, na mafyekeo mabegani. Kiongozi wao aliitwa Ryan, baba wa watoto wawili, mtu mwenye bega pana na maneno machache.

"Niaje, katibu. Hii msitu yote ndio ya kunyoa?"

"Yote. Kwa heshima lakini."

"Heshima iko, budaa."

Wakafyeka kitanda baada ya kitanda. Mnana walipiga kelele kama wapangaji waliotupiwa vyombo nje. Kufika mchana ilibaki safu moja tu, ile ya Luseno. Katikati yake Nangila alikuwa ameweka kigoda na anachagua mchele wa Jumamosi kwenye ungo.

"Sasa, mathe," alisema Ryan. "Tunaomba usonge kidogo tumalize job."

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Ryan."

"Kwenu ni wapi?"

"Huruma."

"Kabla ya Huruma."

Ryan akajikuna kisogo. "Mzee alitoka Bungoma."

"Basi hujapotea. Kwetu watu hunyolewa nywele lini?"

"Baada ya mazishi, mathe. Siku zikifika."

"Baada ya mazishi. Na hapa nani amekufa, mpaka mmewanyoa hawa wote?"

Ryan alitazama vitanda vilivyokatwa, akatazama safu iliyosimama. "Hakuna."

"Ukinyoa kabla ya kifo unafanya nini?"

"Unakiita," alisema Ryan polepole, na akaweka fyekeo chini.

Bwana Obura alikuwa akitazama kutoka njiani, mahali pasipo na tope. "Kata hiyo safu!"

"Boss, mimi hukata nyasi," Ryan alijibu. "Hii ni matanga. Sigusi."

Mtu mdogo angekasirika. Bwana Obura aliipandisha cheo safu ile papo hapo na kuiita Sehemu ya Maonyesho, ili mgeni apate kuona jinsi matete mengine yalivyokuwa kabla ya kuboreshwa.

Kisha akaiona ile reli mlangoni.

"Chuma hiki kimeidhinishwa na nani?"

"Na marehemu," nikasema.

"Kiondolewe. Kitaharibu picha."

Ryan na wenzake wakainama wanne, wakanyanyua. Chuma hakikusogea. Wakaongezeka, wakanyanyua tena kwa kelele na matusi madogo. Chuma kikakaa palepale.

"Huyu mzee alikuwa anazuia nini," Ryan aliuliza akihema, "jehanamu?"

"Mmekaribia," alisema Nangila kutoka mlangoni.

Kwa kuwa kanuni yetu inasema kisichoondoka hupakwa chokaa, reli ilipakwa chokaa. Ilipendeza sana.

Siku mbili tatu baadaye kulitokea mabadiliko ambayo Kurugenzi haikuyatarajia, ingawa kila mama wa Jericho aliyatarajia. Vitanda vilikuwa vimekanyagwa na buti na kuzibwa na mabua. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hayakunukia chai. Watu walifunga madirisha. Kamati ilikutana kwa dharura, upande upepo unakotoka.

Baada ya mjadala mrefu tuliamua kwamba kosa si la vitanda. Kosa ni la majitaka, ambayo yalikuwa yakifanya kazi mfululizo tangu mtaa ujengwe na bila shaka yalikuwa yamechoka. Tukayapa likizo, kuanzia Ijumaa jioni mpaka uzinduzi uishe. Bwana Obura aliifunga valvu kwa mkono wake mwenyewe na akapigwa picha akiifunga.

"Bwana mkubwa," nilimnong'oneza, "mtaa nao utaacha kwenda choo?"

"Wananchi wameombwa wavumilie. Uzalendo si kuimba tu, Andati."

Nilimpelekea Nangila taarifa ile. Alikuwa anapiga deki. Alisimama na tambara mkononi, likidondosha maji.

"Andati. Maji yakifungiwa njia yanakwenda wapi?"

Nilijua. Yeye alijua. Nilimpa jibu rasmi: "Yatafuata utaratibu."

Alitazama mlango, akatazama sakafu. "Hapa ndipo dada yake atapiga magoti," alisema, na akainama kuendelea kupiga deki.

Jumamosi ikafika na jua zuri. Hema mbili zilisimama jirani: ya serikali kiwanjani, ya kumbukumbu mbele ya nyumba ya Nangila. Viti tulikodi kwa mtu mmoja, basi vile vyenye miguu minne vikaenda kwa serikali.

Jukwaa lilitusumbua kidogo. Kiwanja chote kilikuwa tope. Palipokuwa pamesawazika, pakavu, palipoinuka kuliko pengine pote, palikuwa mahali pamoja tu: juu ya dari la tangi. Likatandikwa zulia jekundu, likafunika simiti na mifuniko yake yote, na katikati tukaweka kiti kikubwa chenye mikono tulichoazima kanisani.

Yapo mambo mawili ambayo Kamati haikuyajadili. La kwanza, wageni wa hema zote mbili walikunywa chai tangu asubuhi. La pili, Jumamosi ndiyo siku ya kufua Jericho. Tangu alfajiri kila mlango ulikuwa na beseni, na kila beseni lilimwagwa.

Mheshimiwa Nzomo alifika akiwa amevaa suti ya kijivu, akaketi, akasimama, akafungua karatasi.

"Wananchi wa Jericho," alisema, "leo serikali imeshuka kwenu mpaka chini kabisa."

Makofi.

"Na ninyi, kutoka chini huko, mmetupokea."

Zulia likavimba. Tulidhani ni upepo. Likavimba zaidi, kama ugali unaokaribia kuiva, na Bwana Obura akaniegemea. "Ni shangwe hiyo," alinong'ona. "Andika."

Niliandika.

Mheshimiwa alikaa kupumzika. Ndipo kiti kikanyanyuka naye, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepandishwa cheo bila kuomba. Kwa dakika nzima alikuwa juu kuliko viongozi wote waliokuwapo. Kisha mfuniko ukateleza pembeni, na Jericho yote ikatoka kumwona. Sitaeleza rangi. Kwaya iliendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyeipa ruhusa ya kunyamaza, na walipofika kwenye kiitikio walikuwa wamesimama juu ya viti.

Mimi nilikimbilia kwa Nangila. Nakiri sikukimbia kwa niaba ya Kamati.

Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, amevaa gamubuti za marehemu zilizompita miguu. Nyuma yake wageni wa Webuye walikuwa wameshikilia watoto na sufuria. Sote tulitazama lile shimo. Ile reli nyeupe ilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayejisogeza kitandani, na ikatulia. Mfuniko chini yake haukuinuka hata upana wa kucha. Maji yalikuwa yamejaribu mlango huu yaliouzoea, yakakuta kuna mtu, yakaenda kwingine.

Nangila alisogeza mguu akaukanyaga ule mwisho wa reli. Ndani, dada mkubwa wa Luseno alitazama sakafu, akaitazama tena pembe kwa pembe, ndipo akasalimu watu.

Muda si muda tukasikia hodi. Alikuwa Mheshimiwa Nzomo, na suti haikuwa ya kijivu tena. Nyuma yake alikuwa Bwana Obura, kalamu zote tatu zimempotea.

"Mama," alisema Mheshimiwa, "samahani. Kuna maji?"

"Maji mmeyapa likizo," alisema Nangila.

Lakini yeye si mtu wa Kurugenzi. Aliwaonyesha pipa la maji ya kufulia na sabuni ya kipande, akawaletea leso mbili. Ya Mheshimiwa ilikuwa imeandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakaketi nyuma kabisa, kwenye benchi, wakitumaini kwamba ibada itawapita. Haikuwapita. Katika ukoo ule hakuna anayeketi kwenye kumbukumbu akaondoka bila kusema neno juu ya marehemu. Zamu ilizunguka, kutoka kwa wazee wa reli hadi kwa binti yake Triza, ikafika kwenye benchi.

"Na huyu wa leso ni nani?" aliuliza dada mkubwa.

"Ni mgeni, mama," nikasema.

"Ana mdomo?"

Mheshimiwa alisimama, akaishika leso kiunoni kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alitafuta hotuba yake, akaikuta imekuwa uji.

"Sikumfahamu marehemu," alianza.

"Tumeona. Endelea."

"Lakini nimeona chuma chake." Alitazama chini, kwenye sakafu kavu aliyosimama bila viatu. "Katika sherehe yote ya leo, hicho peke yake ndicho kilichofanya kazi."

"Endelea."

"Na hakuna aliyekizindua."

Watu wakasema amina. Dada mkubwa alimwonyesha aketi, akampakulia wali. Bwana Obura alisema neno fupi kuliko yote yaliyosemwa siku ile: alisema Mzee alikuwa mzito.

Uchunguzi umekamilika, na matokeo ndiyo haya. Majitaka yamekutwa na hatia ya kurudi kutoka likizoni kabla ya wakati. Matete hayana kosa, kwa kuwa siku ya tukio yalikuwa yamekatwa, na hivyo yalikosa kufika kazini kwa ruhusa. Tangu hapo yamechipua upya, kwa kuwa hayakuambiwa yasifanye hivyo, na maji yanatoka safi tena. Mnana wamejenga ghorofa.

Kuhusu Bwana Obura, Mheshimiwa Nzomo alisisitiza kwamba msimamizi awe karibu na kazi. Amehamishwa kutoka ofisini hadi Kitanda cha Kwanza, ambako yuko chini ya safu ya Luseno, matete yake yakiwa ndiyo wafanyakazi pekee wa Kurugenzi waliotumikia bila kukatizwa. Kazi yake ni kuondoa takataka zinazoziba changarawe. Ryan amemfundisha kushika reki. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, anasimama mbele ya safu ile akiwa na gamubuti, anajiita jina na kujiitikia mwenyewe.

"Obura! Nipo!"

Kamati ilipendekeza kwamba matete yakinyamaza, kimya kipokelewe kuwa ndiyo. Pendekezo lilikataliwa na Nangila, ambaye hayumo katika Kamati.

"Sauti, Bwana Obura!" humwita kutoka dirishani. "Mzee hajasikia!"

Naye hurudia. Leo amerudia mara nyingi, Nangila ameondoka dirishani, matete yameinama yote kuelekea Makadara, na nilikuwa katikati ya kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao niliposikia ukuta unagongwa mara mbili.

Kikao kimeahirishwa.